Pembeni mwa Kitabu cha Balbir

Ukitaka kumjua Hezekiah Mbaluka, mtazame akila mkate. Anatoa kisu kidogo mfukoni, anakata kingo zote nne za kila kipande mpaka kibaki mraba mweupe, ndipo anakichovya kwenye chai. Kingo zenyewe atazila baadaye, maana si mtu wa kutupa chakula, lakini lazima zitengwe kwanza. Nimemwambia mara nyingi kwamba zitakutana tumboni. Jibu lake ni kwamba tumbo halina macho.

Mimi ni Veronicah Ajwang, mtengenezaji wa mihuri ya mpira. Chumba chetu kiko orofa ya pili River Road, juu ya duka la misumari na mabomba, na tumekigawana mimi na Hezekiah miaka kumi na tisa sasa. Upande wa dirisha ni wake kwa sababu ya mwanga, upande wa mlango ni wangu kwa sababu ya wateja. Yeye hujalidi vitabu. Tasnifu za wanafunzi, vitabu vya risiti, madaftari ya makanisa, Biblia zilizochoka kusomwa na nyingine zilizochoka kubebwa tu, zote hupita mikononi mwake. Alitoka Mbooni akiwa kijana, akafunzwa kazi na mzee mmoja wa Kigujarati, na mzee huyo alipostaafu alimwachia mambo mawili: mashine ya kukatia karatasi, na imani kwamba kitabu kisichonyooka ukingo ni kama mtu aliyetoka nyumbani bila kuchana nywele.

Mashine hiyo tunaiita gilotini. Ni chuma kitupu, ina usukani juu na wembe mrefu kuliko mkono wangu. Kila kitabu kinachoingia chumbani kwetu, kiwe kipya kiwe kikuukuu, lazima kionje wembe huo pande tatu kabla hakijatoka. Vipande vinavyoanguka huingia kwenye gunia, na kila Alhamisi Nzisa, mama anayefuga vifaranga huko Kinoo, huja kulichukua. Vipande hivyo ndivyo anavyowatandikia vifaranga wake. Anasema karatasi ni bora kuliko maranda, haiwaletei kikohozi.

Basi mwezi wa tatu mwaka huu, siku ya Jumatatu, aliingia mama mmoja Msikh kutoka Spring Valley, miaka hamsini na kitu, viatu vya raba, kitu kimefungwa ndani ya foronya. Kabla hajaifungua chumba kizima kilishanuka samli na iliki. Alijitambulisha kwa jina la Harleen. Ndani ya foronya mlikuwa na kitabu cha mapishi ya marehemu mama yake, Balbir Kaur: ladu, barfi, wali wa maziwa, halua ya karoti na vitu vingine vitamu ambavyo sikuvijua hata kwa jina. Uti wa kitabu ulikuwa umekufa. Jalada lilishikiliwa na mpira wa nywele.

Alitueleza shida yake bila kuzunguka. Mama alikuwa anatimiza mwaka tangu afariki, na baada ya wiki mbili ndugu wangekusanyika kumwombea. Kaka yake, Gurdeep, angekuja kutoka Kanada. Harleen na Gurdeep walikuwa wamegombana kwenye simu miezi mitatu mizima juu ya halua ya karoti. Gurdeep alishikilia kwamba halua ya mama ilijaa zabibu kavu. Harleen akasema huo ni uongo, kwamba yeye alikula halua hiyo tangu utotoni kwenye bakuli lake la bluu, hakuwahi kuona zabibu hata moja, na kwamba kaka yake amekaa baridini mpaka amemsahau mama. Neno hilo la mwisho ndilo lililoharibu mambo. Sasa kila mmoja alikuwa anangoja kitabu kiamue.

Lakini kitabu kilikuwa kimefungwa kinywa. Miaka arobaini ya vidole vyenye shira ilikuwa imegandisha karibu nusu ya kurasa zake kwa upande wa nje, na ukurasa wa halua ulikuwa katikati ya hizo. Harleen aliogopa kuzitenganisha asije akazichana. Alitaka Hezekiah azifungue, akijalidi kitabu upya, kisha baadaye watoe nakala za ndugu wote.

Hezekiah alimwambia asiwe na wasiwasi, kitatoka kama kipya.

"Sitaki ikuwe mpya," Harleen akasema. "Nataka ikuwe nzima."

Hezekiah aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyeelewa. Nadhani alisikia nusu tu.

Siku ya kwanza alifanya kazi kwa adabu. Alichemsha maji kwenye birika, akapitisha mvuke kwenye kurasa, akafungua moja, akafungua ya pili, ya tatu ikachanika kidogo kwenye kona naye akalaani kwa Kikamba. Jumanne vilevile. Jumatano asubuhi alikigeuza kitabu ubavu, akakitazama kwa jicho moja, akaona kwamba kurasa zimeshikana ukingoni tu, upana wa vidole viwili hivi. Maandishi ya wino yalikuwa salama katikati, ya Kipunjabi, asiyoweza kuyasoma. Ukingo wenyewe ulikuwa mweusi kwa mafuta, umeungua mahali, umekunjamana. Alikitia kwenye gilotini, akazungusha usukani, akashusha wembe.

Nilisikia kishindo. Nilikuwa nakata muhuri wa chama cha akina mama, nikainua kichwa, nikaona kurasa zimefunguka zenyewe, zimenyooka, safi. Nikasema, sasa kinapendeza. Kwa hiyo nami nina sehemu yangu katika dhambi hii, sitajifanya malaika.

Alhamisi Nzisa alichukua gunia lake. Ijumaa Harleen alikuja.

Alikipokea kitabu kwa mikono miwili, akalisifu jalada. Alikifungua, akapindua ukurasa, akapindua mwingine, halafu akaanza kupindua haraka, huku kidole chake kikipita ukingoni kana kwamba anapapasa giza.

"Fundi, hapa pembeni ilikuwa na maandishi ya penseli. Imeenda wapi?"

Namjua Hezekiah. Niliuona uongo ukimpanda kooni: panya, au unyevu, au kwamba kililetwa hivyo. Mdomo ulifunguka, kisha ukafunga. Njia ya mwongo ni fupi, na River Road ni fupi zaidi.

"Nimekata mimi, madam," akasema. "Niliona ni uchafu. Sikusoma."

Harleen aliketi kwenye kiti cha wateja wangu. Sikuwahi kuona mtu akiketi taratibu hivyo. Hakupiga kelele, na afadhali angepiga.

"Hii ya katikati ni ya nyanya, mama ya baba," akasema. "Mama akiolewa alipewa kitabu imejaa tayari. Nafasi yake ilikuwa pembeni tu. Hiyo umekata ndiyo mama yangu."

Kisha akatueleza. Mama mkwe wa Balbir ndiye aliyeandika mapishi kwa wino, kwa Kipunjabi, na hakuna aliyeyapika hivyo tena. Balbir aliyabadilisha yote, mwaka hadi mwaka, na mabadiliko yake aliyaandika pembeni kwa penseli, kwa Kiswahili, kwa sababu jikoni alifanya kazi na wasichana waliokuja na kuondoka, na Kiswahili ndicho walichosikilizana. Hapo ndipo Hezekiah aliposhika kichwa. Wino wa katikati asingeweza kuusoma hata angetaka. Kilichokuwa pembeni angekisoma, kama angevaa miwani yake. Alikiri baadaye kwamba kwenye kurasa zilizokuwa wazi aliona penseli, akadhani ni watoto waliochezea.

Mimi ndiye niliyekumbuka gunia. Nilimpigia Nzisa simu, akasema nusu ya karatasi ameshamwaga bandani.

Harleen alituchukua kwa gari lake, tukashika Waiyaki Way. Hezekiah alikuwa kiti cha nyuma, kitabu mapajani, amekikumbatia kama mtu anayempeleka mtoto kliniki. Nzisa alitupokea akicheka, maana hajawahi kuona watu wakifuata taka kwa gari. Alipomwona Harleen uso aliacha kucheka, akatuongoza hadi nyuma ya nyumba.

Vifaranga walikuwa mia mbili, chini ya taa, juu ya karatasi zetu. Tulipiga magoti wote wanne. Harleen alisukuma bangili yake juu ya kiwiko akaingiza mikono. Vipande vingi vilikuwa vyeupe, vya vitabu vya risiti. Vya Balbir vilikuwa na rangi ya chai, na Hezekiah aligundua kwamba njia rahisi ni kunusa. Miaka kumi na tisa sijawahi kumwona fundi akinusa kazi yake. Nilimwambia hivyo, hakucheka.

Ndani ya gunia, chini kabisa, tulikuta fungu zima lililoshikana kwa shira, kama lilivyoanguka kutoka kwenye wembe. Vilivyokuwa bandani vilitawanyika na baadhi vilidonolewa. Cha kwanza kusomeka alikisoma Harleen mwenyewe, amekishika kwenye mwanga wa mlango:

"Sukari tatu ni mingi. Weka mbili. Mzee akiuliza, sema ni tatu."

Alicheka, halafu akalia, halafu akafuta pua kwa mgongo wa mkono wenye kinyesi cha vifaranga na hakujali. Mimi nililia pia, nami sikumjua mama huyo hata kwa sura.

Tulitafuta mpaka magoti yakakataa. Vipande vya kurasa tisa havikuonekana, na cha halua kilikuwa kimojawapo. Nzisa aliapa kwamba siku atakayowahamisha vifaranga atapekua kila kona kabla ya kufagia.

Jumamosi Hezekiah hakufanya kazi nyingine. Jumapili hakwenda kanisani, jambo ambalo sijawahi kulisikia, na mchungaji wake alipiga simu kuuliza kama ni mgonjwa. Alipika gundi ya unga wa ngano, akatenganisha vipande kwa mvuke, kimoja kimoja, bila haraka, na miwani puani. Kujua kipi ni cha ukurasa gani kulimtaka akili. Alifuata madoa. Doa la samli lilikatwa nusu, nusu iko kwenye ukurasa, nusu iko kwenye kipande, na alivihamisha mpaka doa likawa zima. Uchafu uleule alioukata ndio uliomwonyesha njia. Majuto ni mjukuu, nilimwambia, na wewe umepata wajukuu wengi wikendi hii.

Nilikuwa nimekuja kumletea chai, nikabaki. Kila kipande alinisomea kwa sauti kabla ya kukibandika. Ndivyo tulivyomjua Balbir. Alikuwa na ulimi. "Maziwa ya Jumatatu iko na maji. Pika mpaka ikasirike." "Iliki piga mwisho. Ukipiga mwanzo unapikia jirani." Mahali pengine aliandika tu, "Leo mbaya. Sijui kwa nini." Hezekiah alikitazama hicho kwa muda mrefu, kisha akakibandika kwa uangalifu kuliko vyote.

Kwenye kurasa tisa zilizokosa alibandika karatasi safi ya upana uleule, ili kitabu kikae sawa. Jumatatu Harleen alikipitia kitabu kwenye kiti kilekile, ukurasa kwa ukurasa, akitabasamu. Alipofika kwenye halua ya karoti alipitisha kiganja juu ya ule ukingo mtupu. Wino wa bibi ulitaja karoti, maziwa, sukari na samli tu. Alisema sawa, akashukuru, akaondoka. Hezekiah alikaa mpaka jioni bila kugusa gilotini. Kesho yake aliniagiza muhuri, wa kwanza tangu tujuane. Alitaka maneno mawili: SOMA KWANZA. Sasa anaugonga kwenye kadi ya kila kazi inayoingia.

Ya ile siku ndugu walipokusanyika, Harleen alituambia kwenye simu. Alipika sufuria mbili. Gurdeep alikula yenye zabibu akasema hii ndiyo ya mama. Yeye alikula isiyo nazo akasema hapana, ni hii. Shangazi mmoja alijaribu kuwapatanisha akala zote mbili, akaumwa tumbo. Kaka alirudi Kanada, wakiwa wameagana uwanja wa ndege kama watu waliokutana kwenye foleni. Hezekiah alisikiliza yote hayo akiwa amesimama. Simu ilipokatika alisema kwamba zamani alidhani kazi yake ni karatasi.

Ilikuwa wiki ya pili ya mwezi wa nne, Alhamisi, Nzisa alipokuja kuchukua gunia lake na kuweka bahasha ya kaki mezani. Alikuwa amewahamisha vifaranga. Chini ya chombo cha maji, akasema, palikuwa na kitu kimelowa na kujikunja. Hakukinyoosha, aliogopa kukiharibu.

Hezekiah alivaa miwani kwanza. Alikilainisha kwa mvuke, akakinyoosha kwa ncha ya kisu cha mkate, akasoma kimya. Akasoma tena. Kisha akakisukuma upande wangu ili nisome mwenyewe.

"Ajwang," akasema, "funga duka."

Nilifunga. Hadithi hii sikutaka kuja kusimuliwa na mtu mwingine.

Harleen alitupokea jikoni kwake, mikono ina unga. Hezekiah hakujaribu kueleza. Alitoa kipande kutoka kati ya kadi mbili ngumu, akakiweka mezani, akarudi nyuma hatua moja. Penseli ilikuwa imefifia lakini kila neno lilionekana:

"Harleen hapendi zabibu. Toa yake kwanza, bakuli ya bluu. Halafu weka zabibu ya wengine."

Alisoma akiwa amesimama. Alienda kwenye kabati, akashusha bakuli la bluu lililomeguka mdomo, akaliweka kando ya kile kipande, na hapo ndipo alipoketi. Nilitamani kumshika mkono, nikamshika.

Baada ya muda alimpigia kaka yake. Kule Kanada palikuwa hapajakucha vizuri, lakini hakungoja. Walizungumza Kipunjabi na sikuelewa neno, ila nilisikia sauti ya mwanamume upande wa pili ikianza kucheka kwa namna ambayo si kicheko. Alipokata simu alitugeukia.

"Nimemwambia alikuwa sawa," akasema. "Nimemwambia hata mimi nilikuwa sawa. Miaka yote hiyo alinitolea yangu kwanza, na hakuniambia siku moja."

Hezekiah aliomba unga wa ngano kidogo na sufuria. Alipika gundi pale pale kwenye jiko la Harleen, akaubandua ule ukingo mtupu wa ukurasa wa halua, akapaka, akaweka kipande cha Balbir mahali pake, akakikandamiza kwa kitambaa. Doa la nusu likawa doa zima.

Lakini kipande kilikuwa kimelowa bandani na kuvimba, hakikurudi kipimo chake. Kitabu kilipofungwa kilichungulia nje ya vingine, kama unene wa ukucha. Hezekiah alipitisha kidole gumba ukingoni, akakisikia kikimkwaruza. Akapitisha tena. Niliona mkono wake ukiingia mfukoni kwenye kisu cha mkate, ukakaa humo, ukatoka mtupu. Akakichukua kitabu hivyohivyo, akampa mwenyewe.